Unataka Kusomea Sanaa Ufaransa na Kukaa na Familia ya Huko? Rada Yote Iko Hapa

Kila mtaa uko na huyo msee mmoja anachora hadi watu wanasimama. Potreti za penseli, michoro ya mat, ukuta wa kinyozi, zote ni kazi yake. Sasa juzi ameambiwa kuna agenti anaweza kumpeleka Ufaransa asomee sanaa, akae na familia ya wenyeji, bora tu atume malipo ya kwanza leo kabla nafasi iishe.

Buda, usitume kitu. Mimi niliacha chuo sababu ya karo, kwa hivyo najua venye inauma kutoa doo na bado ukose kiti darasani. Hii safari inawezekana, lakini iko na mpangilio wake: shule, familia, pesa, visa, halafu tikiti. Ukianza na tikiti umeanzia mkiani.

1. Shule ndio mwanzo

Bila barua ya shule huna visa. Kuna shule za sanaa za umma kama Beaux-Arts de Paris, Villa Arson kule Nice, na zingine miji midogo kama Bourges na Limoges ambako maisha ni rahisi kuliko Paris. Diploma inayoitwa DNA inachukua miaka 3, na DNSEP ni miaka 5 kwa jumla. Kuingia ni mchujo: unapeleka faili la kazi zako, unafanya mtihani, halafu unahojiwa. Masomo huanza Septemba ama Oktoba, lakini maombi hufungwa miezi mingi kabla. Ukingoja hadi Julai, umechelewa.

Ukipendelea chuo kikuu cha umma, karo rasmi ya digrii ya kwanza kwa wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya ni karibu yuro 2,900 kwa mwaka. Shule za kibinafsi hupanda zaidi ya hapo, kwa hivyo uliza bei yote kwa maandishi.

Lugha nayo si mchezo. Kozi nyingi za diploma hudai Kifaransa cha kiwango cha B2. Alliance Française iko hapo tu tao Nairobi, unaweza kusoma na kufanya mtihani. Campus France ndio ofisi ya serikali ya Ufaransa inayoelekeza wanafunzi wa nje. Anza nao kabla ya agenti yeyote.

Kama huna doo ya miaka mitatu, kuna kozi fupi za wiki kadhaa wakati wa likizo yao ya kiangazi, na zingine hufunzwa kwa Kiingereza.

2. Familia ya wenyeji

Uliza shule kwanza, juu nyingi ziko na orodha ya familia wanazozijua. Kawaida unapata chumba chako, kiamsha kinywa, na mara nyingi supper. Lunch ni juu yako.

Hii story ya wachoraji kulala kwa watu ni ya zamani. Mwaka wa 1886 Paul Gauguin alienda kijiji cha Pont-Aven, Bretagne, akiwa amesota kabisa, akakaa kwa nyumba ya wageni ya Marie-Jeanne Gloanec, mama aliyejulikana kwa kuwakopesha wachoraji. Wewe hautakopeshwa, kwa hivyo haya yote yaandikwe kabla ulipe:

- Bei kwa mwezi na siku ya kulipa
- Chakula gani kiko ndani, na wikendi je?
- Kufua nguo na intaneti
- Malipo ya dhamana yanarudishwa lini
- Notisi ni ya muda gani ukitaka kuhama
- Utachorea wapi

Hiyo ya mwisho wasanii husahau. Rangi za mafuta na tapentaini zinanuka, na kuna familia hazitaki kabisa chumbani. Sema mapema.

3. Usigeuzwe mboch

Soma hapa mara mbili. Mwanafunzi anayelipa chumba si mfanyakazi. Kuna mpango mwingine unaitwa au pair: unakaa na familia, unasaidia na watoto na kazi ndogo za nyumba, unapata chakula, chumba na pesa ya mfukoni. Huo uko na visa yake, mkataba wake, na kazi haifai kupita saa 25 kwa wiki. Mtu akikuambia utalipa kodi na pia utaangalia watoto kila jioni, hapo kuna ngori. Lazima ujue uko kwa mpango gani kabla upande ndege.

4. Doo na visa

Ukikaa hadi siku 90, unaomba visa ya Schengen. Mwenyeji wako huenda ofisi ya meya wa mji wao kuchukua karatasi ya attestation d'accueil. Stempu yake ni yuro 30, na anayeiomba ni yeye, si agenti.

Ukipita miezi mitatu, unaomba visa ndefu ya mwanafunzi. Hapo familia inakuandikia barua kwamba utakaa kwao, wanaweka kopi ya kitambulisho chao na bili ya hiyo nyumba. Wewe unaonyesha uko na angalau yuro 615 za kila mwezi, ama mtu wa kukulipia. Wakikupa ile visa inayoitwa VLS-TS, lazima uithibitishe kwa intaneti ndani ya miezi 3 baada ya kufika. Ukisahau, umekuwa mtu bila karatasi. Inakuruhusu pia kufanya kazi hadi saa 964 kwa mwaka.

5. Ukishafika

Jisajili na bima ya afya ya serikali, kwa mwanafunzi wa nje ni bure. Fungua akaunti ya benki. Chukua bima ya responsabilité civile, ile inalipa ukivunja kitu cha watu. Beba adapta pia, plagi zetu za miguu mitatu hazishiki huko.

Habari tamu: ukiwa chini ya miaka 26 na uko na visa ndefu, unaingia Louvre na Musée d'Orsay bure. Louvre hufungwa Jumanne, Orsay Jumatatu.

6. Sheria za nyumba

Ukiingia popote sema "bonjour" kabla ya neno lingine lolote, hata dukani. Supper ni ya pamoja, mara nyingi kuanzia saa moja na nusu hivi, na mnabonga mezani. Kama hautakuja kudishi, waambie mapema. Wazazi waite "vous" hadi wakuambie mtumie "tu". Na usimwage rangi wala tapentaini kwa sinki yao.

Sasa huyo agenti anayetaka doo leo, muulize maswali mawili tu: barua ya shule iko wapi, na familia inaitwa nani? Akianza kuzungusha story, rudi kwa ukuta wa kinyozi uendelee kujaza faili lako. Hilo ndilo shule itaangalia.