Amplifaya ya zamani: usiichomeke kwanza

Majumbani, makanisani na kwenye kumbi za Babati bado zipo amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 zilizokaa stoo muda mrefu. Nyingi hazijafa. Huuawa siku mwenyewe anapoichomeka moja kwa moja kwenye soketi ili aone kama bado inalia.

Chanzo ni kapasita za elektroliti, yale makopo ya duara yaliyo karibu na transfoma. Kimiminika cha ndani hukauka kadiri miaka inavyopita, na kapasita iliyokaa bila umeme huanza kuvujisha. Ikipewa nguvu yote ghafla inaweza kupasuka na kuondoka na diodi, hata transfoma. Iliyochoka hujitambulisha kwa mngurumo mzito usiopungua hata ukishusha sauti.

Tazama pia nyuma ya mashine. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, za Marekani 120; umeme wetu ni 230. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti. Isiyo nayo inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Fundi makini huiwasha mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye njia ya umeme unaoingia. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa hiyo ukipata ile ya zamani itunze.

Kuchomoa waya peke yake hakutoshi kukulinda. Kapasita hubaki na umeme, na kwenye mashine za valvu huweza kuzidi volti 300. Huo unaua. Utolewe taratibu kwa rezista, kisha upimwe. Asiye na mita asifungue.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile au zinazokaribia, na volti sawa au zaidi. Chanya na hasi zisigeuzwe. Kuweka kubwa mara tatu ili besi iongezeke hutesa diodi kila unapowasha. Kuhusu transista, 2N3055 za bei ya kutupa mara nyingi ni bandia na huungua mapema. Kabla ya kurudisha spika, pima volti za DC kwenye matundu yake: ziwe karibu na sifuri. Zikifika volti kadhaa, spika itaungua.

Siku hizi wengine hung'oa bodi yote na kuweka kibodi cha bluetooth. Kwetu sisi hiyo ni hasara, maana transfoma nzito na bodi iliyojengwa vizuri ndiyo mali yenyewe. Kipokeaji kidogo cha bluetooth kikichomekwa tundu la AUX kinatosha, bila kukata waya hata mmoja.

Na kitufe cha sauti kikikwaruza, usikimbilie kununua kingine. Mara nyingi ni vumbi tu: mashine ikiwa imezimwa, puliza dawa ya kusafishia kontakti, kizungushe mara nyingi, kisha acha ikauke.