Jina lililozaliwa redioni

Nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, alikuwa na mazoea ya kuijibu redio. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya akitamka tu "Kalenjin", ajuza hudakia, "Haya, niambie basi!" Wajukuu tulicheka hadi chai ikatumwagikia. Nilikuja kung'amua baadaye, nikisomea isimu, kwamba kogo hakuwa amekosea. Neno hilo maana yake ni "nakuambia".

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili hapakuwa na mtu Kericho wala Bomet aliyejiita Mkalenjin. Serikali ya mkoloni ilituita Lumbwa, jina la kubandikwa lililotoka kwa Wamaasai, na stesheni ya reli iliyoitwa hivyo ndiyo Kipkelion ya leo. Wataalamu nao walipenda kuandika "watu wasemao Kinandi", utadhani Wakipsigis, Wakeiyo na Watugen walikuwa watoto wa kufikia nyumbani kwa Wanandi!

Kisha vita vikaja, na matangazo ya lugha za nyumbani nayo yakaja. Mtangazaji John Chemallan alizoea kuwaita wasikilizaji wake kwa neno hilo hilo: nakuambia. Wanafunzi wa Alliance walilidaka, wakaunda chama chao. Mnamo 1948 ukaanzishwa Muungano wa Wakalenjin mjini Eldoret, na miaka ya hamsini likawepo jarida la kila mwezi lenye jina hilo. Dkt Taaitta Toweett, mwanasiasa wetu wa Kericho aliyekuwa pia mwanaisimu, akachapisha kitabu kuhusu isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Kufikia hapo nani angebisha?

Wapo wanaodai kwamba jina hili ni bandia kwa kuwa lilitungwa juzi. Sikubaliani nao. Lumbwa tulipewa, hili tulijichagulia wenyewe, na lilitupa sauti serikalini ambayo kabila mojamoja lisingeipata.

Linalonikera ni jingine. Anayesema "nakuambia" ana mtu anayemwambia, na ana mwingine asiyemwambia. Katika mashamba ya chai, Mkisii na Mjaluo wamechuma majani bega kwa bega nasi miaka na mikaka, wakilala kwenye laini zile zile za vibarua. Wengine wamezaliwa huko. Redio ya lugha ya mama ikifunguliwa, wao ndio wanaozungumziwa, si wanaozungumza. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilivitaja baadhi ya vituo vya FM vya lugha za mama, vya jamii mbalimbali, miongoni mwa vilivyopalilia chuki. Tunajua waliofurushwa kwenye laini hizo ni akina nani.

Majuzi nilimuuliza kijana wa bodaboda pale Litein yeye ni mtu wa wapi. "Mkalenjin," akanijibu upesi. Kisha akafikiri kidogo: "Lakini nyumbani ni Kipsigis, mzee."

Kogo alifariki bila kujiita Mkalenjin hata siku moja. Redio yake, lakini, hakuizima.