Pamba, Kiapo na Miaka Sita: Asili ya Kanuni za Mashauri katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho la Marekani

Tarehe 28 Desemba 2006, Taifa la Tohono O'odham, ambalo ardhi yake iko katika jimbo la Arizona, lilifungua shauri katika mahakama ya wilaya ya shirikisho mjini Washington. Lilitaka Serikali ya Marekani itoe hesabu za fedha na mali ilizokuwa ikizishika kama mdhamini kwa niaba yake. Siku iliyofuata lilifungua shauri la pili katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, likidai fidia kwa hasara iliyotokana na usimamizi mbaya wa mali hizo hizo. Madai yaligawanywa kwa sababu sheria yenyewe imegawanya nafuu: mahakama ya kwanza inaweza kuamuru hesabu zitolewe, lakini fidia kubwa ya aina hiyo hutolewa na mahakama ya pili peke yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shauri la pili halikuwa na nafasi ya kusikilizwa, kwa kuwa lilifunguliwa wakati la kwanza likiwa bado mahakamani na yote mawili yalitokana na mambo yale yale. Kanuni iliyoliua shauri hilo ilitungwa mwaka 1868, na waliokusudiwa walikuwa wafanyabiashara wa pamba.

Makala hii inafuatilia asili ya kanuni hiyo na za jamii yake. Hoja yake ni kwamba utaratibu wa madai katika mahakama hii ulijengwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa jibu la hofu ya wakati fulani, na kwamba hofu ilipokwisha kanuni ilibaki. Anayeusoma utaratibu huo bila historia yake hudhani kuwa umetokana na mantiki ya sheria.

Kabla ya mahakama

Hadi katikati ya karne ya 19, raia wa Marekani aliyeidai serikali yake alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Bunge. Kinga ya dola, iliyorithiwa kutoka Uingereza, ilizuia Serikali kushtakiwa bila ridhaa yake. Mdai aliandika ombi, ombi likapelekwa kwenye kamati, na akibahatika ukatungwa muswada binafsi wa kumlipa. Maombi yalirundikana, mengine yakarithiwa na watoto na wajukuu wa waliokuwa wakidai. John Quincy Adams, aliyerudi bungeni baada ya kuwa Rais, alilalamika katika shajara yake ya mwaka 1832 kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kimahakama na haikulifaa Bunge.

Sheria ya tarehe 24 Februari 1855 ilianzisha Mahakama ya Madai yenye majaji watatu. Kwa jina ilikuwa mahakama, kwa kazi ilikuwa kamati yenye majoho. Ilisikiliza ushahidi, ikaandika taarifa, ikaambatisha rasimu ya muswada, kisha yote yakarudi bungeni, ambako kamati ile ile ya zamani iliweza kuanza uchunguzi upya. Rais Abraham Lincoln, katika ujumbe wake wa Desemba 1861, alilihimiza Bunge liipe mahakama hiyo uwezo wa kutoa hukumu za mwisho, kwa hoja kwamba Serikali ina wajibu wa kujitolea haki dhidi yake yenyewe kama inavyozitoa baina ya watu binafsi.

Bunge lilikubali kwa sheria ya tarehe 3 Machi 1863, lakini kwa mkono mmoja uliokunjwa. Majaji wakawa watano, hukumu zikawa za mwisho, na rufaa ikaruhusiwa kwenda Mahakama ya Juu. Hata hivyo kifungu cha 14 kilisema kuwa fedha hazitalipwa mpaka Waziri wa Fedha aziingize katika makadirio yake. Mwaka 1865, katika shauri la Gordon, Mahakama ya Juu ilikataa kupokea rufaa, ikaona kwamba uamuzi unaongoja hisani ya waziri hauna sifa ya hukumu. Kifungu kiliondolewa mwaka 1866. Ni katika sheria hiyo ya 1863 ndimo ulimoingia ukomo wa miaka sita kwa madai yote, na ndimo yalimotolewa nje madai yanayotokana na mikataba na mataifa ya kigeni au na makabila ya Wahindi Wekundu. Kufungiwa huko kulikuwa na matokeo marefu: kwa muda wa zaidi ya miaka 80 kabila lililotaka kudai chini ya mkataba wake lililazimika kuliomba Bunge sheria maalumu, hadi ilipotungwa sheria ya Tume ya Madai ya mwaka 1946.

Pamba

Siku chache baada ya sheria hiyo, tarehe 12 Machi 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Bunge lilipitisha Sheria ya Mali Zilizotekwa na Kutelekezwa. Mawakala wa Wizara ya Fedha waliyafuata majeshi ya Muungano katika majimbo yaliyoasi, wakakusanya mali, hasa marobota ya pamba, wakaiuza, na mapato yakaingia hazina. Mwenye mali aliruhusiwa kudai mapato hayo katika Mahakama ya Madai ndani ya miaka miwili tangu uasi kukomeshwa, kwa masharti mawili: athibitishe umiliki, na athibitishe kwamba hakuwahi kuusaidia uasi kwa namna yoyote.

Sharti la pili ndilo lililoupa utaratibu wa mahakama sura yake. Wakazi wengi wa Kusini hawakuweza kulitimiza kwa ukweli. Baadhi yao walitafuta njia ya kuzunguka: walimshtaki ofisa wa Hazina mwenyewe katika mahakama nyingine, kana kwamba alikuwa mtu binafsi aliyechukua mali isiyo yake, huku wakiendelea na shauri lao dhidi ya Serikali. Kwa kuwa ofisa na Serikali walihesabiwa kuwa wadaiwa wawili tofauti, kushindwa kwa mdai mbele ya mmoja hakukumzuia kuendelea dhidi ya mwingine.

Bunge lilijibu kwa sheria ya tarehe 25 Juni 1868, ambayo inastahili kusomwa polepole. Kwanza, ilimkataza mwenye shauri dhidi ya ofisa katika mahakama nyingine kufungua au kuendeleza shauri juu ya dai hilo hilo katika Mahakama ya Madai. Pili, ilimtwika mdai mzigo wa kuthibitisha utiifu wake. Tatu, ilimzuia mdai kutoa ushahidi kwa upande wake mwenyewe, ingawa Serikali ilikuwa na haki ya kumwita na kumhoji. Masharti haya yakiunganishwa, mtu alitakiwa kuthibitisha uaminifu wake wakati kinywa chake kimefungwa, na kikafunguliwa pale tu mpinzani wake alipotaka. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kanuni ya ushahidi inayofanya kazi ya adhabu.

Namna siasa ilivyojaribu kupenya zaidi inaonekana katika shauri la Klein. Mfanyabiashara mmoja wa Vicksburg, Wilson, alinyang'anywa marobota 664 ya pamba. Alikuwa amewadhamini maofisa wa upande wa waasi, lakini baadaye alikula kiapo cha utiifu na kupata msamaha wa Rais. Baada ya kifo chake, msimamizi wa mirathi, Klein, alishinda dola 125,300 katika Mahakama ya Madai. Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge lilitunga mwaka 1870 kipengele kilichosema kwamba msamaha usihesabiwe kuwa uthibitisho wa utiifu, bali uwe ushahidi wa uasi, na mahakama ikiuona ifute shauri kwa kukosa mamlaka. Mwaka 1872 Mahakama ya Juu ilikitangua kipengele hicho: Bunge haliwezi kuiamuru mahakama namna ya kuamua shauri kwa kujifanya linapanga mamlaka yake. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Salmon P. Chase. Mwaka 1863, mawakala wa Hazina walipoanza kukusanya pamba hiyo, Waziri wa Fedha alikuwa Chase huyo huyo.

Kilichobaki na kilichoondoka

Baadhi ya masharti ya vita yaliondoka. Sheria ya Tucker ya mwaka 1887, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya mamlaka ya mahakama, ilipanua madai hadi yanayotokana na Katiba, na ikaondoa kanuni ya kumzuia mdai kujitolea ushahidi. Juri haikuwahi kuingia: mwaka 1880 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuishtaki dola si shauri la aina ambayo Katiba imeliwekea juri. Mwaka 1925 waliwekwa makamishna wa kusikiliza mashahidi, na mwaka 1982 kazi ya awali ikatenganishwa na ya rufaa. Jina la sasa lilitolewa mwaka 1992. Majaji ni 16, kila mmoja kwa kipindi cha miaka 15.

Kanuni za mahakama ziliandikwa upya mwaka 2002 ili zifuate mpangilio na nambari za kanuni za madai za mahakama za wilaya. Wakili aliyezoea huko hujiona yuko nyumbani, mpaka anapofika penye tofauti. Mdaiwa ni mmoja daima, Marekani. Hati ya madai hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu na karani wa mahakama, si na mdai. Serikali ina siku 60 za kujibu. Katika shauri la kundi, anayetaka kunufaika lazima ajiandikishe, ilhali katika mahakama za wilaya shauri la fidia humjumuisha kila asiyejitoa.

Ukomo wa miaka sita haukulegezwa. Katika shauri la kampuni ya John R. Sand & Gravel, mawakili wa Serikali walikuwa wameiacha hoja ya muda baada ya kushinda kwa hoja nyingine. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuiacha kwao hakukuwa na maana, kwa kuwa ukomo huu unagusa mamlaka, na mahakama yenyewe lazima iutazame. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba ndivyo ulivyofasiriwa tangu karne ya 19.

Mgeni mbele ya mahakama

Kanuni nyingine ya mwaka 1868 inamhusu moja kwa moja msomaji wa Afrika Mashariki. Raia wa kigeni anaruhusiwa kuishtaki Marekani katika mahakama hii iwapo tu nchi yake inampa raia wa Marekani haki ya kuishtaki serikali yake katika mahakama zake. Sharti hili nalo lilizaliwa na pamba, kwani wafanyabiashara Waingereza walikuwa miongoni mwa waliodai. Katika shauri la O'Keefe la mwaka 1871, swali lilikuwa kama Uingereza inashtakika, wakati shauri dhidi yake huanza kwa ombi la haki linalohitaji idhini ya Malkia. Mahakama ya Juu ilijibu ndiyo, kwa kuwa idhini hiyo ilikuwa imegeuka kuwa desturi.

Kipimo hicho kikiletwa huku kinafumbua mengi. Kwa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 1967, mdai alihitaji ridhaa ya waziri, na ridhaa hiyo haikuwa desturi tupu: mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufaa iliona kwamba sharti hilo linakiuka haki ya kikatiba ya kuifikia mahakama. Mwaka 1994 likawekwa badala yake sharti la notisi ya siku 90. Nchini Kenya, notisi ya siku 30 ilionwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kikwazo kwa haki hiyo hiyo. Hivyo kampuni ya Dodoma au Kisumu yenye mkataba na wakala wa Serikali ya Marekani inaweza kujikuta ikitetea, mbele ya jaji wa Washington, ubora wa sheria za nchi yake za kuishtaki serikali.

Kupita mlango huo si kufika. Baada ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, Marekani ilishambulia kwa makombora kiwanda cha dawa cha El-Shifa nchini Sudan. Wamiliki walifungua shauri katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho wakidai fidia ya mali yao. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilisema kwamba uamuzi wa Rais kuihesabu mali hiyo kuwa ya adui hauwezi kupimwa na mahakama.

Kifungu cha 1500

Katazo la mwaka 1868 sasa ni kifungu cha 1500 cha sheria za mahakama za Marekani. Mashauri ya pamba yalikwisha zamani. Ile nafasi ya kumsumbua ofisa na Serikali kwa zamu nayo imezibwa na kanuni za kawaida za uamuzi uliokwisha kutolewa. Lakini katazo linafanya kazi, na kwa namna ambayo waliolitunga hawakuwaza. Kwa uamuzi wa mwaka 1965, linamfunga aliyeanza mahakama nyingine kisha akaja kwenye Mahakama ya Madai. Aliyefuata mpangilio wa kinyume halimgusi. Kwa hiyo Tohono O'odham wangegeuza zile siku mbili za Desemba 2006, mashauri yote mawili yangekuwa na nafasi ya kuishi. Kusubiri shauri la kwanza limalizike si dawa, maana miaka sita inaendelea kuhesabika.

Mwaka 2012, chombo cha ushauri cha Serikali kuhusu taratibu za utawala kililipendekezea Bunge lifute kifungu hicho na mahali pake liweke kanuni ya kusimamisha shauri moja wakati jingine likisikilizwa. Pendekezo halikuwa na mpinzani mwenye pamba ya kulinda, wala halikuwa na mtetezi mwenye kura za kutosha. Kifungu kingali katika sheria, na karani wa mahakama angali akipokea hati ambazo tarehe zake zimekwisha kuamua hatima yake.