Kusoma kwa Sauti za Herufi: Historia ya Darasa la Kikundi Chetu

Kamati ya maadhimisho imenipa mimi Mwenyekiti nafasi niandike habari za darasa letu la kusoma. Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshaziandika, mtazikuta kurasa za mbele. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Wengi wanadhani darasa lilianza na kikundi. Sivyo. Hapa Ukerewe jambo hili lina umri kuliko kikundi, tena karibu kunizidi mimi mwenyewe. Mwaka 1968 kanda yetu ya ziwa ilianzishiwa mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, ukisaidiwa na UNESCO. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Halafu zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma mapema kuliko nyingine, na Ukerewe yetu ilikuwamo, pamoja na Mafia na Masasi. Akina mama walitoka shamba, wakanawa miguu, wakaenda kisomo mchana chini ya mwembe. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao.

Kitabu kimojawapo cha kanda hii kiliitwa Pamba ni Mali. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri: unaanza na neno ambalo mtu analijua kwa kazi yake, unalivunja silabi, kisha silabi zile unaziunga upya kupata maneno mengine. Mwenye mwalimu mzuri alivuka. Lakini walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wa kujitolea, na wengine walikuwa wanasoma ukurasa, akina mama wanaitikia, basi. Mama yangu aliujua ukurasa wote kwa kichwa. Ukifunika picha kwa kiganja, ananyamaza.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa nchi nzima, wakajitokeza watu zaidi ya milioni 5. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, wakahesabiwa 39 mwaka huo wa mtihani, na mwaka 1986 ikatangazwa wamebaki chini ya 10. Ni kazi kubwa ile, nchi chache zimeifanya. Ila sensa ya 2012 ilipopita ilikuta wanaojua kusoma, wa miaka 15 na zaidi, ni kama asilimia 78. Wengine walirudi nyuma kwa kukosa cha kusoma, na wengine, kwa maoni yangu, hawakuwahi kujua. Walikuwa wanaimba.

Sisi watoto tuliofuata ni wa UPE, Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977. Tulijaa darasani, tukiimba a e i o u mpaka sauti zinakauka. Tukafundishwa majina ya herufi: be, che, de. Sasa mtoto mwambie «be» na «a» zikikutana zinakuwa nini. Atakujibu «bea». Mwenye akili nyepesi aligundua mwenyewe kwamba ni «ba», aliyechelewa akaitwa mzito, akakaa nyuma miaka saba, akatoka na cheti. Kikundini tunao watu wa namna hiyo, nao hawakuwa wazito hata kidogo.

Nisisahau kusema kwamba kusoma na kuandika si mambo ya wageni kisiwani petu. Aniceti Kitereza, Mkerewe, alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Baadaye akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Sasa nije kwenye kikundi. Mwanzoni hatukuwa na darasa. Kitabu cha mwanachama ni cha mihuri: hisa moja muhuri mmoja, hata asiyejua kusoma anahesabu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Tuliona inatosha. Kweli, ndani ya kikundi inatosha. Nje haitoshi.

Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, alipungukiwa mtaji mwezi wa giza, boti zikirudi zimejaa na bei iko chini. Mfuko wetu ulikuwa umekopwa wote. Akaenda kwa mkopeshaji binafsi, hawa tunaowaita kausha damu. Akaambiwa kwa mdomo riba ni ya mwezi. Akaweka dole gumba. Siku ya saba wakaja. Karatasi ilikuwa imeandikwa «kwa wiki». Cherehani ikachukuliwa, na magunia mawili ya dagaa waliokwisha kauka. Tulipomwendea mtendaji, akatuonyesha dole gumba lake pale chini, hatukuwa na la kusema. Neno lenyewe ni wiki: wi na ki. Silabi mbili nyepesi, hazina hata herufi ya kusumbua. Mama huyu alikuwa amefika darasa la nne.

Ndiyo ikaamuliwa nusu saa kabla ya kufungua sanduku iwe ya kusoma. Mwalimu tulimpata binti wa mwanachama mwenzetu, anayefundisha darasa la kwanza. Alikuwa amefundishwa mtaala wa KKK wa mwaka 2015, ule wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Akatuambia: jina la herufi wekeni pembeni, tafuteni sauti yake. Herufi m inasema «mmm» mdomo umefungwa. Herufi s inasema «sss» kama mafuta ya moto. Sauti ile ukiisukuma kwenye a, inazaa sa. Herufi kama b na d haziwezi kuvutwa hivyo, kwa hiyo unazitamka kifupi na kuziunga na irabu papo hapo.

Neno letu la kwanza lilikuwa dagaa. Da, ga, a. Tukapata da de di do du, na ga ge gi go gu. Kwa silabi hizo na irabu tu tukaandika dada, dogo, gogo, gugu, dude, dai. Jioni ile mtu wa miaka 60 aliandika neno dai ambalo hakuna aliyemwandikia ubaoni. Hapo ndipo unajua kwamba mtu anasoma, haimbi.

Kiswahili kwa kweli kinamhurumia mwanafunzi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake ileile popote utakapoikuta. Watoto wetu wanaosoma Kiingereza hawana bahati hiyo. Hata hivyo pana mahali pa kukwama. Herufi m ikisimama peke yake, kama m-tu na m-ti, ni silabi kamili. Zile zinazokwenda pamoja, mba, nda, nja, mwa, kwa, zilituchukua miezi. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe mpaka leo wapo wanaosahau kile kialama cha juu. Na sisi watu wa ziwani l na r zinatuchezea. Katibu wetu wa kwanza, Mungu ambariki, aliandika kwenye muhtasari kwamba wanachama wote walipiga kula. Mgeni aliyesoma akauliza ni chakula gani. Tangu hapo imla ya kura na kula, kila mwezi.

Jambo jingine: kati ya wanafunzi tuliowaona wagumu kabisa, wawili shida yao ilikuwa macho. Walinunuliwa miwani ya kusomea kwa pesa ya mfuko wa jamii, na baada ya wiki chache wakawapita wenzao. Kabla ya kumwita mtu mzito, mpime macho.

Sasa katika mkutano ujao lipo pendekezo kwamba darasa lifungwe, nusu saa ile iende kwenye marejesho. Wanasema simu zimekuja, mtu anatuma ujumbe wa sauti. Mimi nitapinga, na nasema mapema ili mjiandae. Mkataba hauji kwa sauti. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, anayekusomea ndiye unayempa na namba ya siri. Na tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, kikundi kama chetu kinatakiwa kusajiliwa na kuwa na katiba. Katiba hiyo kila mmoja ameitia saini. Waliobaki na dole gumba ni saba kati yetu 28. Tulipoanza walikuwa 19.

Yule mwenzetu wa cherehani mwaka huu ndiye anayesoma muhtasari wa kikao kilichopita. Husoma polepole, kidole chini ya mstari, na kikao kinamngoja.

Darasa ni kila Alhamisi, saa tisa na nusu. Asiye mwanachama pia anakaribishwa, hatozwi kitu. Aje na daftari na penseli. Kalamu ya wino hapana, kwa sababu tunafuta sana.