Kitabu cha Pensheni

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo itatufaa, msomaji, tukitazama namna Waingereza walivyowalipa wazee wao kwa miaka karibu mia moja, na mambo yaliyotukia walipoliacha daftari la karatasi wakaifuata mashine.

Zamani mzee maskini wa Uingereza, asiye na mtu wa kumtunza, aliogopa sana kufia katika nyumba ya maskini, mahali palipohesabiwa kuwa pa aibu. Mwaka 1908 Bunge lilipitisha sheria ya pensheni, na tarehe 1 Januari 1909 wazee wa kwanza walikwenda posta kupokea haki yao. Aliyetimiza umri wa miaka 70, na ambaye pato lake lilikuwa dogo, alipata hadi shilingi 5 kwa juma. Malipo yalifanywa kwa kitabu cha hati. Mzee alitia sahihi hati moja mbele ya karani. Karani akaichana, akaipiga mhuri, akamhesabia fedha zake.

Utaratibu huo ulikuwa na hekima. Kitabu kilikaa kwa mzee mwenyewe, naye aliweza kuona kwa macho yake hati zilizokwisha chanwa na zile zilizobaki. Karani naye alibaki na hati yenye sahihi. Ukizuka ubishi, kila mmoja alikuwa na shahidi wake.

Walakini kitabu huibwa, na sahihi hughushiwa. Kadhalika, kuchapa vitabu na kuvipeleka kila mahali kulikuwa na gharama. Kwa hiyo mwaka 1996 serikali na posta zilifanya mkataba na kampuni ya kompyuta ili wazee walipwe kwa kadi. Mpango wa kadi ulivunjwa mwaka 1999, lakini mitambo yake haikutupwa. Iliwekwa katika posta zote kutunza hesabu, ikaitwa Horizon. Vitabu vyenyewe viliondolewa kati ya mwaka 2003 na 2005, na tangu hapo pensheni ikawa inaingizwa katika akaunti ya mzee, ya benki au ya posta.

Balaa iliwaangukia watu waliokaa upande wa pili wa dirisha. Wasimamizi wa posta ndogo ndogo waliambiwa na Horizon kwamba fedha zimepungua, hali wao hawakuchukua hata senti moja. Walitakiwa kulipa, na wengi walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Tangu mwaka 2000 sheria ilichukulia kuwa kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka kinyume chake kithibitishwe. Je, msimamizi wa kijijini angethibitisha nini, maadamu siri za mashine zilikuwa mikononi mwa wengine? Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Baadhi yao walifungwa, wengine wakapoteza nyumba zao, na wengine wakafa kabla ya kusafishwa majina.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Horizon ilikuwa na makosa yaliyoweza kuonyesha upungufu usiokuwapo. Mwezi wa Mei 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Usidhani, msomaji, kwamba nakufundisha kuchukia mashine. Hapa Kenya, tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, bibi aliye mbali hupokea fedha za mwanawe pasipo kusafiri, na hilo ni jambo jema. Lakini Waingereza walipoiacha karatasi, waliacha pamoja nayo ushahidi uliokaa mkononi mwa mnyonge. Kesho huenda wewe ukawa karani, hakimu, au mtengenezaji wa mitambo ya namna hii. Siku mtu wa chini atakapokuambia kwamba daftari limekosea, lifungue kwanza ulikague, ndipo umhukumu.