Naijua siku aliyozaliwa Washington, ya Mwalimu nilikuwa siijui

Najua nimepotea, msininunie. Wiki mbili zote zilikuwa testi juu ya testi, halafu boom lenyewe limebaki la kuhesabu, hata hela ya bando ilikuwa ya kufikiria mara mbili. Leo nimepata upenyo, nikasema ngoja niwape kisa kilichonikuta kwenye semina ya historia, maana bado kinanikereketa.

Iko hivi. Kikundi chetu tulipewa marais wa Marekani, mimi nikaangukiwa na ile sikukuu yao ya Februari. Nikakesha na desa. Siku ya kuprezenti nikatiririka kama maji: George Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732. Siku yake ya kuzaliwa ikafanywa mapumziko ya watumishi wa serikali kuu pale mji mkuu mwaka 1879. Mwaka 1968 bunge lao likapitisha sheria ya kuhamishia sikukuu kadhaa Jumatatu ili watu wapate mapumziko marefu, sheria ikaanza kazi 1971. Tangu hapo ni Jumatatu ya tatu ya Februari. Hapo nikawaambia wenzangu wapige hesabu: Jumatatu ya tatu haiwezi kuvuka tarehe 21. Yaani sikukuu ya kuzaliwa kwa Washington haiangukii hata siku moja tarehe aliyozaliwa! Darasa likacheka. Nikamalizia kwamba serikali yao kuu mpaka leo inaiita siku ya kuzaliwa kwa Washington, ila mtaani watu wanaiita Siku ya Marais, na maduka yanapunguza bei.

Makofi. Nikawa naelekea kukaa, mhadhiri akaniuliza swali dogo tu: "Vizuri. Na Mwalimu Nyerere alizaliwa lini?"

Jamani. Kwa kujiamini kabisa nikajibu, "Tarehe 14 Oktoba." Akasema, "Hiyo ndiyo siku aliyofariki." Kicheko nilichokisikia mle ndani sitakisahau. Mwalimu mtarajiwa wa historia huyo! Na chuo chenyewe tunapita kila siku Ukumbi wa Nkrumah, marais wa Afrika wametuzunguka mpaka kwenye majengo.

Jioni nikatafuta. Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Siku ya kwanza hakuna shule inayofungwa. Ya pili ndiyo tunayoijua wote, Nyerere Day, na ndiyo siku ya kuhitimisha mbio za Mwenge. Nikaangalia sikukuu yetu nyingine ya kiongozi, Karume Day, 7 Aprili: ni siku mzee Abeid Karume alipouawa kwa risasi pale Kisiwandui, Zanzibar, mwaka 1972. Kumbe zote mbili ni tarehe za vifo.

Sasa mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa Makere, Kasulu, kwenye ile barabara ya kwenda Kibondo. Kwetu Burundi siyo nchi ya kwenye ramani, ni majirani, Kiha na Kirundi tunaelewana bila mkalimani. Kambi ya Nyarugusu iko palepale kwetu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na 2015 wakaongezeka Warundi wengi. Kwa hiyo nikaangalia na kalenda za majirani. Burundi wanamkumbuka Mwanamfalme Rwagasore tarehe 13 Oktoba, aliuawa 1961 akiwa Waziri Mkuu. Siku moja kabla ya Mwalimu! Tarehe 21 Oktoba ni ya Melchior Ndadaye, rais wa kwanza waliyemchagua kwa kura za vyama vingi, aliuawa 1993. Tarehe 6 Aprili ni ya Cyprien Ntaryamira, aliyekufa 1994 kwenye ndege iliyotunguliwa Kigali ikitoka kwenye mkutano hapahapa Dar es Salaam. Siku moja kabla ya Karume. Wakongo nao wana 16 Januari ya Laurent Kabila na 17 Januari ya Lumumba, wote waliuawa, 2001 na 1961.

Nikakaa kimya kitandani. Wamarekani nao wameuliwa marais wanne: Lincoln, Garfield, McKinley na Kennedy. Hakuna hata tarehe moja kati ya hizo iliyofanywa sikukuu ya taifa lao. Sisi wa ukanda huu kalenda yetu ni ya matanga.

Nikampigia bibi Makere. Bibi hakusoma, miaka anaihesabu kwa matukio. Nikamuuliza, bibi, Nyerere unamkumbuka kwa lipi? Akasema, "Mama yako alizaliwa mwaka wa Operesheni." Nikaona hajajibu swali. Kumbe kajibu. Operesheni Kigoma ilianza 1972, watu waliokuwa wakiishi mmoja huku mmoja kule wakahamishiwa vijijini. Bibi alihama na tumbo kubwa, akaacha migomba aliyokuta imepandwa na mama mkwe wake, mama yangu akazaliwa kwenye kibanda cha nyasi kijiji kipya. Nikamwambia, kwa hiyo bibi hukumpenda? Akacheka. "Mjukuu wangu, mama yako asingezaliwa pale angesoma wapi?" Ni kweli. Baada ya nchi kuingia elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, mama alitembea dakika chache tu kufika shule. Mimi kuwa chuo leo kunaanzia hapo. Bibi migomba yake bado anaitaja moja moja, na Nyerere bado anamwita Mwalimu. Vyote viwili, kwa mdomo mmoja.

Nikajiuliza, hiyo shuleni niliisoma wapi? Kila Oktoba tulivaa sare safi, tukaimba, tukaambiwa Mwalimu ametutoka, tukasimama kimya dakika moja. Msibani kwetu marehemu hasemwi, anasifiwa. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kuuliza kuhusu Operesheni, wakati bibi zetu walikuwa nyumbani na majibu. Wala hatukuambiwa kwamba Mwalimu amefariki akiwa bado msuluhishi wa Warundi, kazi ambayo Mandela aliipokea, mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 2000. Hao Warundi ndio tuliokuwa tunakutana nao sokoni!

Sisemi Wamarekani ndio mfano. Washington wao alikuwa na watumwa, mwaka anakufa pale kwake Mount Vernon walikuwepo zaidi ya 300, na hiyo ofa ya dukani haimkumbushi mtu. Wala sisemi tufute 14 Oktoba. Kwa majirani zetu hizo tarehe zina damu ambayo bado inauma, nani atawaambia wasizishike? Ninachosema ni kwamba tarehe ya kifo inakupa mwisho wa mtu tu, na mwalimu akiishia hapo, mtoto anaondoka na jina na kilio.

Mwakani Mungu akipenda naenda mazoezi ya kufundisha, na nimeomba moyoni nipangiwe Kasulu. Wiki ya kabla ya 14 Oktoba wanafunzi wangu nitawapa kazi moja ya nyumbani: nenda kamuulize bibi au babu yako alikuwa wapi mwaka wa Operesheni, na nani alizaliwa mwaka huo. Wakirudi na migomba, sawa. Wakirudi na shule, sawa. Wakirudi na vyote, ndiyo somo lenyewe.

Halafu nitawauliza Mwalimu alizaliwa lini. Asiyejua hachekwi. Namwambia hata mimi.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Nawe waulize wa kwenu kabla hujachelewa, kisha njoo utusimulie. Tuko pamoja!