Uhamishaji wa Mauzo

Uhamishaji wa mauzo ni hali ya nakala haramu kuchukua nafasi ya nakala ambayo mtu angeinunua. Wachumi wanaochunguza uharamia wa michezo ya video huupima kwa kiwango cha uhamishaji: kati ya nakala 100 zilizopakuliwa bila malipo, ni ngapi zilizomzuia mtu kununua? Kiwango kikiwa 100, kila nakala haramu ni mteja aliyepotea. Kikiwa sifuri, mauzo hayakuguswa. Kikishuka chini ya sifuri, uharamia umeongeza wanunuzi.

Kitenzi kuhamisha kinafaa hapa kuliko kupoteza au kuiba, kwa kuwa hakitangulizi jibu. Haramia ni neno la hukumu, na kisheria hukumu hiyo ni sahihi: nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Lakini kuvunja haki ni jambo moja, na kumtia mtunzi hasara ni jambo jingine. Mwenye kibanda cha gemu anayetumia diski za kuchoma amevunja sheria. Hata hivyo, watoto wanaomlipa ili wacheze mechi moja hawana uwezo wa kununua mchezo kwa bei kamili. Mauzo yaliyohamishwa hapo ni machache mno.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchanganya uhamishaji na uenezi wa nakala haramu. Mwaka 2013 kampuni ndogo ya Greenheart Games ilitoa mchezo wa Game Dev Tycoon, ambao mchezaji wake huendesha kampuni ya kutengeneza michezo. Siku hiyohiyo kampuni yenyewe ilisambaza mtandaoni toleo la bure, ambalo ndani yake biashara ya mchezaji hufilisika kwa sababu ya uharamia. Baada ya siku moja, waliokuwa wakicheza toleo lililolipiwa walikuwa 214, na wa toleo la bure 3,104. Baadhi ya hao wa bure waliomba ushauri wa namna ya kuwazuia maharamia. Hesabu hiyo inaumiza moyo, lakini haionyeshi ni wangapi kati ya 3,104 wangetoa pesa kama njia ya bure isingekuwepo.

Tume ya Ulaya ilijaribu kulijibu swali hilo kwa kuiagiza kampuni ya Ecorys ya Uholanzi iwahoji watu wapatao 30,000 katika nchi sita. Ripoti ilikamilika 2015, ikaja kujulikana hadharani 2017. Kwa filamu mpya zinazovuma, kiwango kilikuwa kama 40. Kwa michezo ya video kilikuwa chini ya sifuri: kila michezo 100 iliyopatikana kiharamia iliandamana na michezo 24 zaidi iliyopatikana kihalali, ikiwemo ya bure. Wapenzi wa uharamia hulishika tokeo hili kama ushahidi wa mwisho, ilhali ripoti yenyewe inakiri kwamba makadirio yake yana kiwango kikubwa cha makosa yanayowezekana.

Utafiti uliochapishwa 2024 ulipita njia nyingine iliyo imara zaidi. Haukuwauliza watu, ulifuatilia michezo 86 iliyouzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam ikiwa na Denuvo, kufuli la kidijitali lililobuniwa Austria. Kufuli lilipovunjwa mapema sana, mapato yote ya mchezo yalipungua kwa wastani wa asilimia 20. Lilipodumu wiki 12, hasara ilikuwa karibu na sifuri. Sababu inaeleweka: mashabiki wenye hamu na pesa hununua mwanzoni, na wanaobaki baadaye wengi wao hungoja punguzo au hawana nia ya kununua kabisa.

Kwa hiyo kiwango cha uhamishaji kikitajwa bila kipindi na soko kilikopimwa, hakielezi kitu. Baadhi ya wachapishaji wa michezo hulizingatia hilo: huiuza michezo yao ikiwa na Denuvo katika miezi ya kwanza, kisha huliondoa kufuli hilo.